Ngome ya Simbamwene na wandewa wa milimani

Aprili 1871, masika yakiwa yamekolea, msafara wa Henry Morton Stanley uliotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone uliteremka kwenye bonde lililo chini ya milima ya Uluguru, ulipo leo mji wa Morogoro. Njia nzima wapagazi walikuwa wamepita vijiji vidogo vilivyozungushiwa boma la miti na miiba. Hapa wakakuta mji wa mraba wenye mnara wa mawe katika kila pembe. Ukuta wake ulitobolewa safu mbili za matundu ya kulengea bunduki. Kila upande ulikuwa na lango lake, na malango yalifungwa kwa milango minene ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi nyembamba za Kiarabu, za namna ile inayoonekana mpaka leo Mji Mkongwe wa Unguja. Stanley alijiuliza kama milango ile ilichongwa pwani ikabebwa ubao kwa ubao hadi pale, au kama mafundi wa palepale walikwisha jifunza kazi. Alikisia nyumba 1,000 na watu kati ya 3,000 na 5,000. Aliyewatawala alikuwa mwanamke. Yeye na mji wake waliitwa jina moja: Simbamwene.

Mwezi Agosti wa mwaka huohuo, Mfalme Meiji wa Japani aliwakusanya mabwana wa nchi yake mjini Tokyo, wakasomewa tangazo fupi. Miliki zao zote, zaidi ya 260, zilifutwa na kugeuzwa mikoa ya serikali. Kwa karne nyingi mabwana hao, walioitwa daimyo, walikuwa wameishi katika ngome za mawe wakizungukwa na samurai wao, wakiwatoza wakulima mpunga na kuwarithisha wana wao nchi. Baada ya tangazo lile walipewa pensheni na kuamriwa kuhamia mji mkuu. Miaka mitano baadaye samurai wakakatazwa hata kutembea na panga kiunoni.

Kwa hiyo utawala wa bwana mwenye ngome ulikuwa unafungwa Japani wakati uleule Morogoro ilipokuwa na mmoja aliye katika ubora wake. Ubwana wa namna hii una maswali yale yale popote ulipotokea. Bwana alipata wapi watu? Alikula nini? Silaha zilitoka wapi? Na alipokufa, nani alirithi na kwa haki gani? Morogoro inayajibu kwa njia mbili, maana bondeni kulikuwa na ubwana wa bunduki na mlimani kulikuwa na ubwana wa ardhi na mvua. Wasafiri wa Kizungu waliandika zaidi juu ya ule wa kwanza, kwa sababu ndio uliowadai ushuru wa nguo.

Tuanze na huo wa bondeni. Aliyeujenga mji ni baba yake Simbamwene, Kisabengo. Habari alizokusanya Stanley zinasema alizaliwa mtu wa chini kabisa. Alikuwa na nguvu nyingi za mwili, ulimi mwepesi na uchangamfu uliowavuta watu, na watu aliowavuta kwanza walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Hao walimfanya kiongozi wao. Alipoona mkono wa Sultani wa Zanzibar unamkaribia, alikimbilia bara mpaka Ukami, nchi iliyoenea wakati huo kati ya Ukwere na Usagara, akaanza kupigana. Wakami wakaishia kumwachia eneo kubwa la ardhi yenye rutuba katika bonde la mto Ngerengere. Akachagua mahali pazuri kuliko pote, mto ukipita chini ya ukuta, akajenga.

Jina lake liliogopwa Udoe, Ukami na Ukwere. Aliteka watu, na waliotekwa waliuzwa. Hakuna sababu ya kulipunguza hilo makali kwa kuwa alikuwa mtu wetu. Watumwa watoro waliopata uhuru chini ya bendera yake walifanya kazi ya kuwakamata wengine, na bei ya uhuru wao ililipwa na vijiji vya Wakami na Wakhutu. Richard Burton na John Hanning Speke walipopita kusini mwa milima mwaka 1857, kupitia Duthumi na Zungomero, waliikuta nchi ya Wakhutu imevurugwa na uwindaji wa watu. Ilikuwa imegawanyika kwa wakuu wadogo walioitwa mapazi, na hao nao walinyang'anyana raia. Pazi mmoja wa Duthumi alimlilia Burton kwamba jirani yake amemchukulia watu, na Burton akawatuma askari wake Wabaluchi wakawarudisha wachache. Katika nchi kama hiyo, mtu aliyeweza kujenga ukuta wa mawe na kuwapa bunduki mamia ya watu alikuwa na kitu ambacho kila mnyonge alikitafuta, hata kama alikuwa yeye mwenyewe anayewatisha wanyonge wengine.

Bunduki ndiyo iliyomwezesha, na bunduki ndiyo iliyowageuza mabwana wa Japani pia. Wareno waliifikisha Japani mwaka 1543, katika kisiwa cha Tanegashima. Wareno haohao nusu karne baadaye walianza kujenga Fort Jesus Mombasa. Wajapani hawakukaa wakingoja meli zilete nyingine. Mafundi wao wa panga walijifunza kuzitengeneza, na mwaka 1575, katika vita vya Nagashino, Oda Nobunaga alivunja wapanda farasi wa adui zake kwa safu za askari wa miguu wenye bunduki. Mrithi wa kazi yake, Toyotomi Hideyoshi, alikuwa mwana wa mtu wa chini, kama Kisabengo. Alipokwisha kuishika sehemu kubwa ya nchi, Hideyoshi alitoa amri mwaka 1588 wakulima wote wanyang'anywe silaha. Alijua vema jinsi mtu asiye na ukoo mkubwa anavyoweza kupanda kwa bunduki, akaivunja ngazi aliyopandia.

Kisabengo hakuweza kuivunja ngazi yake. Bunduki na baruti zake zilitoka pwani kwa wafanyabiashara, na mfanyabiashara aliyemuuzia yeye leo alimuuzia mpinzani wake kesho. Hapo ndipo tofauti kubwa ya miliki ya Simbamwene na zile za Japani ilipo. Daimyo alipimwa kwa mpunga. Kipimo chao, koku, kilikuwa kiasi cha mchele wa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, na bwana hakuhesabiwa kuwa daimyo mpaka ardhi yake itoe koku 10,000. Ukoo wa Maeda, uliotawala Kaga, ulikuwa na kama koku milioni moja. Utajiri huo ulikuwa shambani, ukirudi kila mavuno, na wakulima walitoa nne kwa kumi au zaidi ya walichovuna. Utajiri wa Simbamwene ulipita njiani. Njia ingeweza kuhama.

Mahali penyewe palikuwa pa kijanja mno. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ulifika bondeni ukiwa umechoka, ukijua kwamba mbele kuna Makata, tambarare ambayo wakati wa masika hugeuka tope na maji ya magoti hadi kiunoni. Stanley alipoteza siku kadhaa na afya yake mle. Kabla ya kuingia Makata kila kiongozi wa msafara alitaka mtama, mahindi, kuku, na usiku mmoja wa kulala bila kulinda mizigo. Vyote hivyo vilipatikana chini ya ukuta wa Simbamwene, kwa sharti la hongo.

Hongo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa njia. Ililipwa kwa doti za nguo za merikani na kaniki, kwa shanga na nyaya za shaba, na kila mahali palikuwa na desturi yake ya nani anatoa kiasi gani. Wajumbe wa Simbamwene walipokuja kwa Stanley kudai, alikataa. Alisema msafara wake wa mbele ulikwisha lipa, na bwana mmoja hadaiwi mara mbili. Wajumbe wakaondoka kwa heshima. Siku chache baadaye mpishi wake akatoweka, na askari aliowatuma kumtafuta wakakamatwa na watu wa mjini, wakafungwa, bunduki zao zikachukuliwa. Waliachiwa baada ya mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Sheikh Thani, kuingilia kati na kumwonya mwenye mji juu ya silaha za mzungu. Baadhi ya bunduki zilibaki ndani ya ukuta.

Stanley alilieleza jambo hilo kwa hasira, kama ukorofi wa mwanamke mwenye tamaa. Likisomwa kwa jicho la mwenye mji, lina maana nyingine. Mgeni mwenye watu wenye bunduki alipita katika nchi yake, akakataa ushuru, kisha akawatuma askari wenye silaha kuzurura katika ardhi yake bila ruhusa. Ni bwana gani wa Japani, zama za ngome zao, angewaacha watu kama hao waende zao salama? Simbamwene aliwashika na kuwaachia wakiwa hai. Alitawala kwa akili.

Namna alivyopata cheo inastahili kutazamwa pia. Katika jamii za eneo hili mtu hufuata ukoo wa mama, na cheo huenda kwa mpwa, mtoto wa dada. Kisabengo alipozeeka aliliacha jina lake lililokuwa limechafuka, akajiita Simbamwene kwa jina la mji wake. Alipokuwa anakufa akaamuru binti yake mkubwa amrithi, akampa na jina. Mzee aliyejijengea nchi kwa bunduki aliruka desturi, akamkabidhi aliyemwamini. Miliki ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na hakuna ukoo uliokuwa na nguvu ya kumpinga.

Mwaka uliofuata, Aprili 1872, kimbunga kikubwa kilipiga Zanzibar na pwani, na mvua zake zikaingia bara. Mito ya Uluguru ikashuka kwa nguvu ambayo watu hawakuwahi kuiona. Stanley alipokuwa anarudi pwani baada ya kumwona Livingstone, alikuta mto umeufagia ukuta wote wa mbele wa mji ule pamoja na nyumba zipatazo 50. Simbamwene alikuwa amekimbia. Vijiji vingi vya mabondeni vilikuwa vimekwenda na maji.

Mto uleule uliofanya mahali pale pachaguliwe ndio ulioyaangusha mawe. Mji haukufa kabisa siku hiyo, lakini haukurudi kuwa ulivyokuwa. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini, chini ya mizinga ya Waingereza, mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na chanzo kimoja kikubwa cha nguvu za bondeni kikaanza kukauka. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipopanda kutoka Bagamoyo kufungua misheni Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880, walikuta nyumba ya Kisabengo bado inatawala. Mrithi aliyekumbukwa zaidi kutoka zama hizo ni Kingo, na kata moja katikati ya mji wa Morogoro inaitwa Kingo hadi leo.

Juu ya mji huo milima inasimama ghafla. Lupanga, kilele kinachoutazama mji, kina urefu wa zaidi ya mita 2,100, na kusini yake Kimhandu hupita mita 2,600. Mtu anayepanda kwa miguu kutoka Bigwa au Mkuyuni kwenda Kinole huiacha nchi kavu ya mkonge na kuingia nchi ya migomba, minazi na mdalasini, ambako ardhi hainyauki. Mteremko wa mashariki, unaopokea upepo wa bahari, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati bonde la Morogoro halifikii nusu yake. Mto Ruvu huanzia huko, na Dar es Salaam hunywa maji yake.

Waluguru hawakupanda huko wakiwa kabila moja chini ya mfalme mmoja. Walipanda kwa koo, moja baada ya nyingine, kutoka pande mbalimbali. Nyingine zilifuata ardhi nzuri, nyingine zilikimbia vita na njaa za chini. Koo hizo zipatazo 50 ziligawanyika katika matawi, na kila tawi lilikuwa na bonde au mgongo wake wa mlima. Aliyeufyeka msitu kwanza ndiye aliyekuwa na neno juu ya ardhi ile, na baada yake warithi wake. Mkuu wa tawi aliitwa mndewa.

Mndewa hakuwa na ukuta, hakuwa na askari wa kudumu, hakuwa na lango la nakshi. Alichokuwa nacho ni mpaka, makaburi na tambiko. Mgeni aliyetaka kulima alimwendea, akaonyeshwa shamba, na kila mwaka akatoa ngoto, ambayo mara nyingi ilikuwa sehemu ndogo tu ya mavuno. Kutoa ngoto kulikuwa kukiri kwamba ardhi si yako. Mwenye kuitoa aliweza kukaa miaka mingi na watoto wake wakalima palepale, lakini hakuna aliyesahau mwenye ardhi ni nani. Mkulima wa Japani aliyetoa karibu nusu ya mpunga wake alimlisha samurai aliyekaa mjini. Ngoto haikumtajirisha mndewa kiasi hicho. Ilimweka tu mahali pake.

Cheo kilirithiwa kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na kilirithiwa pamoja na jina. Ndiyo maana mwanahistoria anayetafuta Kingalu katika habari za Uluguru humkuta katika kila zama. Kingalu wa Kinole ndiye aliyejulikana kuliko wandewa wote, kwa sababu ya mvua. Watu wa mbali walimpelekea zawadi mvua ilipochelewa, hata wale ambao hawakuwa chini ya ukoo wake kwa lolote lingine. Upande wa kusini palikuwa na Kolelo, mzimu wa pangoni ambao Wazaramo wa pwani walisafiri kuuomba mvua na mavuno, na ambao jina lake lilitajwa na Wajerumani kwa wasiwasi wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Kwa mtu wa bondeni anayeyaona mawingu yakishikwa na vilele kila siku huku shamba lake likipasuka kwa jua, kumheshimu mwenye mlima lilikuwa jambo la akili kabisa. Heshima hiyo ilikwenda mbali kuliko risasi ya Kisabengo. Haikuhitaji baruti kutoka pwani.

Lakini mlima nao haukuwa na watu wote sawa. Kijana asiye na shamba alimngoja mjomba. Mgeni wa vizazi vitatu alibaki mgeni. Idadi ya watu ilipoongezeka na ardhi ikawa haba, ngoto ambayo zamani ilikuwa alama ikawa sababu ya ugomvi na mashtaka, na wenye koo ndogo walianza kuuliza kwa nini wafuate neno la mtu kwa kuwa babu wa ukoo wake aliwahi kufika na shoka. Nguvu ya mfumo huu ilikuwa katika kuzoeleka kwake, na kila kilichozoeleka kina watu kinachowabana.

Wakoloni walikuja kwa njia ya bondeni. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akiwawekesha wakuu alama kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazitia nguvu karatasi hizo. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na njia ya wapagazi ikafa. Hongo ikafa nayo. Tambarare ya zamani ya Simbamwene ikakatwa mashamba makubwa ya mkonge, Tungi, Pangawe, Kingolwira. Ardhi iliyopatikana kwa bunduki ilichukuliwa kwa bunduki kubwa zaidi, na hapakuwa na mtandao wa koo wa kuidai kila kipande.

Waingereza waliingia mjini tarehe 26 Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miaka kumi baadaye, chini ya Gavana Donald Cameron, walileta utawala wa kupitia machifu. Kila wilaya ilitakiwa kuwa na chifu, awe na mahakama, hazina na makarani. Milima ya Uluguru iliwapa taabu. Walitafuta mfalme, wakakuta wandewa. Basi wakamtengeneza. Kufikia miaka ya 1950 palikuwa na Sultani wa Waluguru, Sabu bin Sabu, na chini yake ngazi nzima ya wakuu wenye mshahara, waliokusanya kodi na kutekeleza amri za boma. Baadhi yao walikuwa wandewa kweli. Wengine walikuwa wandewa wa karatasi.

Japani nayo ilikuwa imepita hapo. Watawala wa ukoo wa Tokugawa, waliotawala kuanzia 1603 hadi 1868, waliwaacha mabwana na ngome zao lakini wakawalazimisha kuishi kwa zamu katika mji mkuu wa Edo na kuwaacha wake na watoto wao huko kama dhamana. Bwana akabaki na heshima, na mamlaka yake yakawa yanaazimwa. Aliyeazimwa mamlaka humtumikia aliyemwazima, na siku raia watakapochoka, hasira humwangukia aliye karibu.

Siku hiyo ilifika Uluguru mwaka 1955. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru. Wataalamu waliona mmomonyoko, wakaona mito inashuka na udongo mwekundu, wakaamua dawa ni matuta ya ngazi. Kila mwenye nguvu, wanaume kwa wanawake, alitakiwa kuchimba, na asiyechimba alitozwa faini. Kwenye mteremko mkali wa Matombo kuchimba tuta la ngazi maana yake ni kukata mlima kwa jembe mpaka uingie udongo wa chini, kisha kuulaza udongo ule usio na rutuba juu ya ule mweusi unaolisha. Mwaka wa kwanza mahindi yalitoka ya manjano na mafupi. Wakulima waliona kwa macho yao kwamba wameamriwa kuuharibu udongo wao, tena bila malipo. Na palikuwa na hofu iliyo nzito kuliko kazi yenyewe. Ardhi inayotengenezwa kwa amri ya serikali, wengi waliamini, itachukuliwa na serikali, na koo zitabaki bila kitu.

Wataalamu walikuwa sahihi juu ya mmomonyoko. Walikosea juu ya dawa, na walikosea zaidi juu ya nani wa kumuuliza. Hakuna aliyepanda kuzungumza na wakuu wa matawi kama wenye ardhi. Amri ilipita kwa sultani na wakuu wake wa mshahara, yaani kwa mlango ambao serikali yenyewe ilikuwa imeutengeneza.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa maelfu kukataa matuta. Polisi waliletwa, wakatumia risasi, na mtu mmoja akauawa. Machafuko yakaenea, wakuu wa serikali wakatishwa na kufukuzwa, na mwisho wake mpango ukaachwa. Kila mtu alikwisha ona mipaka ya cheo cha sultani. Chama cha TANU, kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, kilipata Uluguru ardhi iliyokwisha lainika. Miongoni mwa watu 17 waliokuwa katika mkutano wa kukiunda, tarehe 7 Julai 1954, alikuwemo Patrick Kunambi, Mluguru, aliyekuwa pia msaidizi wa sultani huyohuyo. Mtu mmoja alishika kalamu ya utawala wa kichifu kwa mkono mmoja na ya uhuru kwa mkono mwingine, na wala hakuwa peke yake nchini.

Mwaka 1963 sheria ya Bunge la Tanganyika iliufuta uchifu. Hapa hapakuwa na pensheni nono wala vyeo vipya vya heshima kama vile Wajapani walivyowatuliza daimyo wao. Masultani walivuliwa mamlaka, mahakama zao zikaingizwa katika mahakama za nchi, hazina zao zikaenda kwa halmashauri za wilaya. Palipokuwa na mabwana wa ardhi wenye kutoza wapangaji wao, kama ule unyarubanja wa Bukoba, zilitungwa sheria nyingine katika miaka iliyofuata kuwakomboa wapangaji. Uluguru haikuhitaji sheria ya pekee kama hiyo, kwa maana kilichofutwa pale juu kilikuwa kile kilichowekwa na Waingereza. Mndewa hakuwa na ofisi ya kufungwa.

Ndiyo sababu Kinole ina Kingalu wake hadi sasa, akiitwa kwa jina lile lile, akikaribishwa kwenye hafla za mkoa, huku machifu wa Tanzania wakiwa wamerudi hadharani hivi kwamba Septemba 2021, mkoani Mwanza, walimtawaza Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Kingalu hana jela wala kodi. Lakini shamba likigombewa mlimani, swali la kwanza bado ni la ukoo gani, na jibu bado hutafutwa kwa wajomba.

Mwandishi wa makala haya anaona kosa la kudumu katika jinsi historia ya Morogoro inavyosimuliwa. Kisabengo na binti yake wana sehemu yao, nao wanastahili. Mji una asili yake kwao, na Simbamwene anafaa kutajwa shuleni pamoja na watawala wanawake wengine wa Afrika Mashariki. Lakini ngome ile ilijengwa na baba, ikaharibiwa na masika moja zama za binti yake. Wandewa waliwaona Wajerumani wakija na kuondoka, wakawaona Waingereza wakija na kuondoka, wakaiona serikali ya kikoloni ikirudisha majembe yake ghalani. Kwa kupima mamlaka kwa urefu wa maisha yake, wao ndio waliotawala Uluguru.

Na habari zao nyingi hazijaandikwa. Ziko kwa wazee wa Kinole, Matombo, Mgeta na Kolero, kwenye majina ya vijito na mawe ya mpaka, na kila mwaka baadhi ya wazee hao wanakwenda nazo kaburini. Msomaji mwenye asili ya huko, likizo ijayo mtafute mjomba mkubwa wa ukoo wa mama yako. Mwulize wa kwanza wenu alifyeka wapi, mpaka ulipita kijito gani, ngoto ililetwa na nani, na jina la mndewa limepita kwa watu wangapi mpaka limfikie aliyenalo. Kisha uandike.